Materuni, Duluti, Mandara au Uhuru: kundi lako la vijana liende wapi?

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wa shule za Moshi na Arusha wana swali moja wanalolileta kikaoni: watoto watapanda mlima? Anayeuliza ana maana ya Kilimanjaro, tena kileleni. Swali lina haki yake. Mlima tunauona asubuhi tukifungua dirisha, wageni wanavuka bahari kuja kuupanda, na watoto wetu wengi wanamaliza kidato cha nne hawajafika hata getini. Lakini kama tunachotafuta ni kijana akue, ajue kujitegemea, kuamua na kuishi na wenzake, mimi naanzia kwingine: akifika huko, ni kazi gani itakayobaki mikononi mwake?

Kadiri mahali panavyozidi kuwa pa hatari, ndivyo watu wazima wanavyozidi kumfanyia kijana kila kitu. Ukiwa mita 4,700 huwezi kumwachia mtoto wa miaka kumi na minne aamue kama kundi liendelee au lirudi. Anaamua kiongozi wa mlima, na ndivyo inavyopaswa. Mpishi anapika, wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanabeba, kiongozi anapanga mwendo, na kijana anabakiwa na kazi moja kubwa ya kuvumilia. Uvumilivu una thamani yake, nitaufikia. Ila kandokando ya Ziwa Duluti kijana huyohuyo anaweza kuchagua pa kusimika hema, kupanga zamu ya kupika, kugombana na wenzake na kupatana nao, na akikosea hasara yake ni kuchelewa kula.

Mawazo haya yana historia. Kurt Hahn, mwalimu aliyezaliwa Berlin mwaka 1886 na kuhamia Uingereza baada ya Hitler kushika madaraka, alifungua shule ya Gordonstoun huko Uskoti mwaka 1934. Mwaka 1941, katikati ya vita, alishiriki kuanzisha Outward Bound, shule ya kuwafunza vijana kwa safari za baharini na milimani, huko Aberdovey, Wales. Watu humkumbuka kwa milima na mashua, lakini kitu alichokisisitiza ni wajibu wa kweli: wanafunzi wake walishika zamu za kulinda pwani na kuzima moto, kazi ambazo ukizembea kuna mtu ataumia. Mkondo huo ulifika hadi kwetu. Miaka ya 1950 kulikuwa na shule ya Outward Bound pale Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima huu huu. Na vyuo vya UWC (United World Colleges), vinavyokusanya vijana wa mataifa mbalimbali na ambavyo Hahn aliviasisi kwa chuo cha kwanza kule Wales mwaka 1962, vina mwenzao Moshi na Arusha tangu mwaka 2019.

Sisi wenyewe tulikuwa na letu. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, ilitaka mwanafunzi ajifunze kwa kazi, na shule iwe na shamba lake. Pale ambapo shamba lilikuja kuwa mahali pa kumpeleka mchelewaji akalime kama adhabu, somo lilikufa, likabaki jembe. Safari ya porini nayo inaweza kufa kwa ugonjwa huohuo, hata iwe ya gharama kiasi gani, kama hakuna mtu anayekaa na vijana kuzungumza juu ya walichokifanya.

Materuni: siku moja, na mengi kuliko maporomoko

Kutoka Moshi mjini ni kama kilomita 15 kupanda upande wa Uru. Kosta inafika, isipokuwa masika tope linapozidi. Wengi wanaenda kwa ajili ya maporomoko, maji yanayoanguka kama mita 80 kutoka juu ya mwamba, baridi ya kukukata pumzi. Kisha wanarudi kijijini kwenye kahawa: kumenya, kutwanga kwenye kinu, kukaanga, kutwanga tena, kunywa. Ni siku nzuri. Ukiishia hapo, umewapeleka vijana kutalii.

Utajiri wa elimu uko kwenye mfongo. Huu ni mfereji uliochimbwa kwa mikono, unaochepusha maji ya kijito cha mlimani na kuyazungusha kwenye mteremko hadi yafike kwenye vihamba, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za Wachagga. Mingine imetumika vizazi kwa vizazi. Maji yanagawanywa kwa zamu, na anayefungua mlango wa maji siku isiyo yake anaitwa na wazee. Watafutie vijana mzee anayeujua mfongo wa eneo lake, wamwamkie, wakae chini, waulize wenyewe: nani aliuchimba, nani anapanga zamu, mfereji ukibomoka nani anakwenda kuuzibua, na mtu akiiba maji anafanywa nini. Mwombe pia awaonyeshe sale, mmea unaopandwa mpakani mwa kihamba na ambao Mchagga hulipeleka jani lake anapokwenda kuomba radhi. Kijana wa mjini ambaye kwake sheria ni karatasi yenye muhuri anaona mpaka na msamaha vikishikiliwa na jani.

Halafu wape kazi. Waufuate mfongo kwa miguu kadiri mwenyeji atakavyowaruhusu, wauchore, na mwishoni wagawane: vihamba kumi, maji yamepungua nusu kwa kiangazi, nani anapata lini? Acha wabishane. Hapo utamwona yule anayepaza sauti, yule anayesahau kihamba cha mwisho kabisa, na yule aliyenyamaza darasani muhula mzima ambaye sasa ndiye anayepiga hesabu.

Upungufu wake ni kwamba siku moja ni fupi na starehe ni nyingi. Jioni kila mtu yuko kitandani kwake. Kwa darasa la tano hadi kidato cha kwanza, na kwa shule yenye mfuko mdogo, hapa ndipo pa kuanzia. Walio karibu zaidi na Marangu wanaweza kupanga siku ya aina hiyohiyo kwenye maporomoko ya Kinukamori na yale mapango ambayo Wachagga waliyachimba kujifichia nyakati za vita.

Duluti: usiku mbili za kujipikia

Nikiambiwa nichague safari moja tu kwa vijana wa kidato cha pili na cha tatu, nachagua hii, na nitakaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo inayodharauliwa. Mzazi akisikia Duluti anasema, “Hapo Tengeru?” Ndiyo, hapo Tengeru, kama kilomita 15 kutoka Arusha ukielekea Moshi. Ni ziwa lililokaa ndani ya kreta, limezungukwa na msitu wa hifadhi, lina ndege wa kila aina na kenge wanaoota jua kwenye magogo. Njia ya kulizunguka unaimaliza kwa saa moja na ushee. Hakuna simba wala nyati, na hospitali na soko viko karibu. Ukaribu huo ndio unaompa mwalimu nafasi ya kuwaachia vijana wafanye mambo yao.

Wagawe katika vikundi vya watu wanane. Kila kikundi kipewe hema zake, jiko la mtungi mdogo wa gesi, sufuria, mahindi makavu, maharage, mchele, kabichi, vitunguu, mafuta na chumvi. Usiwape ratiba ya kupika. Waambie mapema kwamba jioni ya kwanza ni makande, basi.

Utakachokiona ni hiki. Wanafika mchana, wanasimika hema kwa furaha, wanapiga picha, wanacheza. Hakuna aliyekumbuka kuloweka. Saa moja usiku sufuria inachemka na wote wameizunguka. Saa tatu maharage bado yanagonga kwenye mwiko kama kokoto.

“Mwalimu, haya hayaivi.”

“Nimeona. Mnafanyaje?”

Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapokuwa ngumu, maana mikono inamwasha na kwenye begi lake kuna mkate. Asubiri. Mmoja atalaumu, mwingine atanuna aende hemani, wa tatu atauliza kama ule mchele wa kesho hauwezi kuliwa leo. Watapima: tukila wali leo, kesho tutakula nini? Watakula wali na kabichi saa nne, na hawataloweka chochote bila kuulizana tena. Jioni ya pili utawakuta wameshapanga nani anachota maji, nani anakata vitunguu, nani analinda moto usizidi. Hakuna aliyewahubiria juu ya kupanga mambo mapema.

Asubuhi ya katikati ndiyo ya mtumbwi, kila mtu na jaketi okozi, hata anayejua kuogelea, na asiruhusiwe mtu kuoga ziwani. Au wape ramani na dira wazunguke msitu kwa vikundi, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma, wote kimya. Kijana akishika ramani kichwa chini, aachwe mpaka mwenzake amwambie.

Hasara zake nazo nizitaje. Hakuna cha kujivunia Instagram. Wanaoishi karibu wanaona kama wamepelekwa nyuma ya nyumba. Na kambi inahitaji walimu wanaojua kukaa pembeni, kitu kigumu kuliko kukodi kampuni ya mlima. Mwalimu asiyeweza kutazama sufuria ikiharibika bila kunyang’anya mwiko, afadhali aende Materuni.

Wengine huniuliza kwa nini nisiwapeleke Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye twiga na maziwa yenye heroe. Waende, pazuri mno, na anayependa wanyama atakumbuka maisha yake yote. Lakini kule unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo, kundi haligawanyiki, na usiku mtu hatoki kambini. Kijana anajifunza utii, ukimya na kuangalia, ila maamuzi yako kwa askari. Ni hivyo hivyo ukipanda Mlima Meru hadi kibanda cha Miriakamba, kama mita 2,500.

Mandara: mlima kwa kipimo cha kijana

Hii ndiyo njia ya katikati, na naipenda kwa kidato cha tatu na cha nne waliokwisha kulala kambini angalau mara moja. Kutoka geti la Marangu, lililo kama mita 1,850, hadi vibanda vya Mandara, kama mita 2,700, ni kilomita nane hivi ndani ya msitu, saa tatu hadi nne kwa mwendo wa pole pole. Marangu ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro yenye vibanda, hivyo huhitaji hema. Unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini ukilala usiku mmoja unapata mara mbili: alfajiri mnatembea robo saa hivi hadi kreta ya Maundi na, mawingu yakiruhusu, Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, anasimama mbele yenu na nchi ya Kenya imetandazwa chini.

Msituni waonyeshe ua dogo jekundu lenye njano ambalo wataalamu huliita Impatiens kilimanjari. Halimei popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Mbega watawaona wenyewe.

Somo la Mandara liko kwenye mwendo. Weka anayechoka upesi mbele, na mwenye nguvu nyuma kabisa. Wenye nguvu watalalamika nusu saa ya kwanza, kisha wataanza kumbebea mwenzao chupa ya maji ili kundi lisogee. Somo la pili liko kwa wagumu. Getini kuna mizani, na kipimo cha hifadhi ni kilo 20 kwa kila mgumu. Mwache kijana aunyanyue huo mzigo kabla haujapanda. Jioni waombe wagumu wawili watatu, kwa heshima na kwa muda wao, waeleze kazi yao. Wengi ni kaka na wajomba wa kutoka vijiji ambavyo kosta ilivipita asubuhi, na wapo wanafunzi watakaogundua kwamba baba wa jirani yao ndiye aliyekuwa akipandisha mizigo ya wageni miaka yote hiyo.

Uhuru: kwa nani, na lini

Uhuru ndicho kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Sheria inamruhusu mtoto wa miaka kumi kwenda kileleni. Mimi, kwa kundi la shule, nasema kidato cha tano na kuendelea, na wawe wametangulia kulala Mandara au Miriakamba.

Safari hii ina kitu ambacho zile nyingine hazina. Usiku wa mwisho mnaondoka Kibo, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, saa sita, giza, baridi chini ya sifuri, na kule juu hewa ya kuvuta ina oksijeni kama nusu ya ile ya pwani. Kijana anakutana na nafsi yake pale ambapo maneno yamekwisha. Nimewaona vijana walioshuka wametulia namna ambayo kambi ya Duluti haiwezi kuwapa, na siwezi kulidharau hilo.

Ninachokiogopa ni harambee. Shule ikishachangisha, mkuu wa mkoa akishakabidhi bendera na picha zikishatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kijana mwenye kichwa kinachogonga atanyamaza. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ndizo dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, anashushwa palepale, hata kama ni saa nane usiku. Kwa hiyo kabla ya kuondoka shuleni watangazieni wazazi na wanafunzi kwamba atakayegeuka Horombo, kituo cha kulala kati ya Mandara na Kibo, atapokelewa sawa na atakayefika kileleni, na mlitimize hilo siku ya mapokezi, kwa kumpa naye nafasi ya kusimulia.

Tena msikubali safari ya siku tano. Kanuni ya milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Njia ya Marangu inaruka karibu mita 1,000 kila siku: Mandara 2,700, Horombo 3,720, Kibo zaidi ya 4,700. Siku ya ziada pale Horombo haimalizi tatizo, lakini inausaidia mwili sana. Kampuni inayokushawishi kuipunguza ili bei ishuke, achana nayo.

Kuhusu fedha, kwa kawaida gharama ya kijana mmoja kwenda Uhuru inalipia kundi zima Materuni. Viingilio vya hifadhi kwa Mtanzania ni sehemu ndogo ya anacholipa mgeni, ila kiongozi, wagumu, chakula na vifaa havina bei ya uzawa. Shule inayopeleka sita kileleni na kuwaacha mia mbili darasani ijiulize vizuri iliwachagua vipi hao sita.

Mazungumzo ya jioni

Hili ni la safari zote nne, na bila hilo sioni tofauti kati ya mafunzo na matembezi. David Kolb, mwaka 1984, aliuchora mzunguko wa kujifunza kwa kutenda katika hatua nne: mtu anafanya jambo, anakaa kulitafakari, anapata kanuni, anaijaribu kwenye jambo jingine. Sisi huwa tunafanya ya kwanza kisha tunapanda kosta.

Kaeni duara, nusu saa, baada ya kula. Usiulize “Mmejifunza nini?” Ukiuliza hivyo utajibiwa kwa sauti ya paredi: tumejifunza umoja na mshikamano. Uliza vitu vilivyotokea. Nani alimsubiri nani leo? Maharage yalipogoma nani alisema nini, na wewe ulisikiaje? Ni saa ngapi ulitaka kurudi nyumbani? Kuna kazi gani uliyoikwepa? Kimya cha kwanza kitakuwa kirefu, mwalimu asikijaze. Mmoja akishasema kweli, wengine watamfuata, na kesho yake kila kikundi kiseme jambo moja kitakalolifanya tofauti.

Kabla hujalipa

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba, halafu Januari na Februari. Machi hadi Mei ni masika: Materuni panateleza na Mandara mvua inakuloweka kutwa. Likizo ya Juni inaangukia vizuri, ila mlimani ni baridi kali, na nguo za pamba zikilowa hazikauki. Tafuta sweta za sufu na makoti ya mvua kwenye mitumba, Memorial kwa Moshi au Kilombero kwa Arusha, mapema kabla shule nyingine hazijachagua. Raba zinatosha Materuni na Duluti. Mandara mvua ikinyesha utataka buti.

Kila mzazi asaini fomu ya ridhaa, na aandike humo pumu, kifafa, selimundu na dawa anazotumia mtoto. Mwenye selimundu asipandishwe mlimani bila daktari wake kusema, na kwake Duluti au Materuni panafaa zaidi.

Ukikutana na kampuni au kiongozi, muulize mambo matatu ana kwa ana. Kijana akiugua usiku, nani anashuka naye, na gari litasubiri wapi? Wagumu unawalipa kiasi gani kwa siku, na lini? Na vijana wangu watafanya kazi gani wenyewe? Akijibu la tatu kwa kusema “Usijali, mwalimu, sisi tutawafanyia kila kitu,” mshukuru, umuage, uendelee kutafuta.